Mahadhi, siku, maandishi: kutafuta na kugawana muziki wa jadi, jazi na klasiki

Swali la msomaji: "Nimechoka na nyimbo zilezile. Nikiandika 'jazi' au 'muziki wa dunia' kwenye programu ya muziki, naletewa orodha ndefu za muziki laini wa kusindikiza kazi, na baada ya wiki sikumbuki hata jina moja. Nikibahatika kupata kitu kizuri nawatumia wenzangu, nao hawafungui, au wanafungua sekunde kumi wanaacha. Nianzie wapi kwenye muziki wa jadi, jazi na klasiki, na nifanyeje ili wengine wasikie ninachokisikia? Tena, ni lazima niwe na vifaa vya bei ghali?"

Jibu

Kukosa cha kusikiliza na kukosa wa kukusikiliza ni matatizo mawili yenye mzizi mmoja. Programu nyingi za muziki zimejengwa kana kwamba kila kitu ni wimbo wa dakika nne wenye mwimbaji mmoja. Kwa nyimbo za redioni hilo linatosha. Kwa mapokeo matatu uliyoyataja halitoshi, kwa sababu kila upande una jibu lake ukiuliza: hapa, kitu chenyewe ni kipi? Katika muziki wa jadi, kitu chenyewe ni mahadhi yanayopita mkono hadi mkono, pamoja na shughuli yanayoitumikia: kubembeleza mtoto, kuvuna, kuoza, kuzika. Katika jazi, ni kile walichokipiga watu fulani siku fulani. Kesho yake wimbo uleule ni kitu kingine. Katika klasiki ya Ulaya, ni maandishi ya mtunzi, na kila mpigaji anayasoma kwa namna yake. Ukilishika hilo utajua uandike nini unapotafuta, na umwambie nini unayemtumia.

Jina "muziki wa dunia" lisikupotezee muda. Lilichaguliwa London mwaka 1987 na watu wa kampuni ndogo za kurekodi waliokutana baa moja, wakitaka jina la pamoja ili maduka yajue santuri zao ziwekwe rafu ipi. Ni jina la rafu, halielezi sauti yoyote. Kora, ala ya nyuzi ya Mali, na gamelani, kundi la ala za kugonga la Java, zilikaa pamoja pale kwa kuwa tu hazikuwa na pengine pa kukaa.

Tuanze na kutafuta klasiki, maana huko ndiko watu wanakopotea haraka. "Sonata ya piano" peke yake haina maana, watunzi wameandika kadhaa kwa kadhaa. Wataalamu wamezipa kazi zao namba za orodha: BWV kwa Bach, K kwa Mozart, D kwa Schubert, RV kwa Vivaldi, Hob. kwa Haydn. Andika jina la ukoo la mtunzi, namba hiyo, mpigaji, kisha mwaka: "Bach BWV 988 Gould 1981". Usidhani mwaka ni pambo. Mpiga piano Glenn Gould aliirekodi kazi hiyo, Goldberg Variations, mara mbili. Ya mwaka 1955 inakwisha kwa dakika 38 hivi. Ya mwaka 1981 inapita dakika 51. Sehemu ya tofauti ni marudio aliyoyapiga mara ya pili na hakuyapiga ya kwanza. Iliyobaki ni mwendo, yaani mtu yuleyule amebadilisha mawazo juu ya karatasi ileile. Sikiliza dakika tano za kwanza za kila moja na utakuwa umeelewa kwa nini wapenzi wa klasiki hubishana kuhusu wapigaji kuliko watunzi.

Kwa jazi andika kiongozi wa bendi, wimbo, na mwaka au mahali. Ukishaipata albamu, usiende kwenye "zinazofanana na hii". Fungua orodha ya wapigaji, umfuate yule ambaye jina lake halipo mbele ya jalada. Chukua Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Kwenye piano yupo Bill Evans, isipokuwa wimbo mmoja, "Freddie Freeloader", aliopiga Wynton Kelly. Mfuate Evans utafika klabu ya Village Vanguard, New York, tarehe 25 Juni 1961, alipopiga na Paul Motian kwenye ngoma na Scott LaFaro kwenye besi. LaFaro alifariki kwa ajali ya gari siku kumi na moja baadaye. Rekodi za siku ile moja ndizo zilizowafanya wapigaji wengi wa besi waache kazi ya kushikilia mapigo tu na waanze kuzungumza na piano. Hatua moja hiyo imekupa zaidi ya algoriti ya wiki nzima, na majina hutayasahau kwa sababu yana uhusiano.

Muziki wa jadi usiutafute kwa jina la nchi. Nchi ni kubwa mno, na utaletewa kwanza muziki wa kuuzia watalii. Tafuta kwa jina la ala kama wenyewe wanavyoliita, pamoja na watu au eneo: kora na majeli (wanamuziki wa kurithi) wa Mali, duduk ya Armenia, valiha ya Madagaska, launeddas ya Sardinia, nyckelharpa ya Sweden. Kisha ongeza jina la hifadhi au kampuni inayojulikana kwa kazi hiyo. Smithsonian Folkways ndiyo ya kwanza ninayoitaja kwa kila anayeuliza. Folkways ilianzishwa na Moses Asch mwaka 1948, na taasisi ya Smithsonian ya Marekani walipoichukua mwaka 1987 walikubali sharti la kutoacha hata albamu moja kati ya 2,168 ipotee sokoni. Vijitabu vya maelezo ya albamu hizo vinapakuliwa bure kwenye tovuti yao: nani anapiga, ala imeundwaje, maneno yanasemaje. Soma kijitabu kabla ya kusikiliza. Nyingine ni ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Ipo pia hifadhi ya kidijitali ya rekodi za Alan Lomax, Mmarekani aliyekusanya nyimbo za jadi, inayosikilizwa bure mtandaoni. Na Ocora ya Radio France. Rekodi yenye kichwa cha "tulivu" au "ya kutafakari", isiyotaja mpigaji wala mahali, ipite. Mara nyingi ni kinanda cha umeme kinachoiga ala.

Baada ya hapo usiruke kutoka nchi hadi nchi kama mtalii mwenye haraka. Shika uzi mmoja uufuate hadi ukatike. Uzi unaweza kuwa mapigo. Hesabu hivi kwa sauti, bila kupumzika katikati: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Hayo ni mapigo tisa, na ndiyo yanayobeba ngoma ya karşılama ya Uturuki na daichovo ya Bulgaria. Mpiga piano wa jazi Dave Brubeck aliyasikia kwa wanamuziki wa mtaani Istanbul, akayatumia mwanzoni mwa "Blue Rondo à la Turk" mwaka 1959: mistari mitatu ya hesabu hiyo, kisha mmoja wa tatu-tatu-tatu, kisha anarudia. Mtunzi wa Hungaria, Béla Bartók, naye alifunga mkusanyo wake wa mazoezi ya piano, Mikrokosmos, kwa ngoma sita za mapigo ya Kibulgaria, na Na. 152 ina mbili-mbili-mbili-tatu ileile. Rekodi tatu, chini ya robo saa, na umepita jadi, jazi na klasiki bila kubadilisha hesabu ya vidole.

Uzi unaweza kuwa sauti moja ya chini isiyokoma. Wapiga duduk hukaa wawili: mmoja anapiga mahadhi, mwenzake anashikilia noti moja tu, na huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa ili noti isikatike. Muziki wa India hufanya hivyo kwa tanpura, ala ya nyuzi. Katika Ngoma za Kiromania za Bartók za mwaka 1915, ya tatu, "Pe loc", inaiga filimbi ya mchungaji juu ya sauti iliyosimama vivyo hivyo. John Coltrane alipopiga "India" Village Vanguard mwezi Novemba 1961, aliweka besi mbili ili sakafu isitikisike, kisha saksafoni ikaachiwa ipae. Kwa anayeanza, ningesema uzi huu ndio bora kuliko yote, kwa kuwa sikio halihitaji kujua nadharia yoyote: linasikia kilichotulia na kinachotembea.

Au fuata ukoo. Kora ina nyuzi 21 na hurithiwa katika familia za majeli. Mwaka 1970 ilitoka albamu ya kora tupu, Cordes anciennes, ambamo walipiga Sidiki Diabaté na Djelimady Sissoko. Mwaka 1999 watoto wao, Toumani na Ballaké, wakatoa New Ancient Strings, jina likiwajibu wazee. Mwaka 2009 Ballaké Sissoko akapiga na Vincent Ségal, Mfaransa mwenye selo, ala ya klasiki. Sikiliza kwa mpangilio huo wa miaka. Ukianza na ya mwisho utadhani uzuri wake umetoka kwenye selo.

Sasa sikio lenyewe. Kuna mambo mawili yanayowakimbiza watu mapema. La kwanza ni mwendo wa raga, yaani mpangilio wa noti ambao mpigaji wa India huujengea muziki wake. Raga ya India huanza na alap, sehemu isiyo na ngoma, ambayo inaweza kuchukua nusu saa, na msikilizaji mgeni huzima akingoja "wimbo uanze". Umeshaanza: mpigaji anazitambulisha noti za raga moja baada ya nyingine, kutoka chini kwenda juu. Kwa wiki ya kwanza ruhusa kuruka hadi ngoma za tabla zinapoingia. Mzunguko wa kawaida, tintal, una mapigo 16 katika mafungu manne ya manne: piga kofi kwenye la 1, la 5 na la 13, na kwenye la 9 fungua mkono hewani bila kupiga. Ukishaweza kufika kwenye la 1 pamoja na wapigaji mara tatu mfululizo, rudi kwenye alap, sasa itakuwa na maana.

La pili ni hisia kwamba ala "hazikuwekwa sawa". Skeli ya slendro ya gamelani inagawanya oktava katika hatua tano zinazokaribia kulingana, na kila seti ya ala imetengenezwa ilingane na yenyewe, si na seti ya kijiji jirani wala na piano. Makamu za Kiarabu, yaani skeli zao, nazo zina noti zinazoangukia katikati ya funguo mbili za piano. Aliyezoea ala za taarabu kama udi na kanuni hatashtuka sana. Dawa ni kurudia rekodi moja mara tano katika wiki, si kusikiliza rekodi tano mara moja moja. Mtunzi Mfaransa Debussy aliisikia gamelani ya Java kwenye maonesho ya Paris mwaka 1889. Kipande chake cha piano chenye mwangwi wake, "Pagodes", kilitoka mwaka 1903. Hata yeye hakufanya haraka.

Kuhusu kugawana. Wenzako hawafungui kwa sababu umewatumia kiungo kitupu, pengine cha orodha ya nyimbo arobaini. Tuma rekodi moja, na maneno mawili matatu yanayomwambia mtu asikie nini na lini. Kwa "So What", wimbo wa kwanza wa Kind of Blue, andika hivi: "Karibu nusu dakika ya mwanzo ni utangulizi, vumilia. Kisha besi inatoa mwito na wengine wanaitikia noti mbili tu. Hesabu mwito mara nane, halafu sikiliza wote wanavyopanda nusu toni, kisha wanavyoshuka tena." Hiyo ni kazi ya kufanya, na mtu aliyepewa kazi husikiliza hadi mwisho. "Sikiliza hii, tamu sana" haimpi chochote cha kushika.

Ila fikiria pia atasikilizia wapi. Spika ya simu haitoi sauti za chini ipasavyo, na uzi mnene wa besi kubwa unatetemeka takribani mara 41 tu kwa sekunde. Mtu akifungua "So What" kwa spika ya simu anasikia kiitikio kikubwa na mwito kwa mbali, kama mtu anayejibu maswali ya mwenziwe aliye chumba cha pili. Kila ulichomwandikia kinaharibika. Kwa msikilizaji wa spika ya simu chagua kora, duduk, sauti ya mtu, fidla au piano. Kazi zinazoanza kwa mnong'ono, kama Boléro ya Ravel ya mwaka 1928, zisikilizwe kwa hedifoni penye utulivu. Kwenye basi dakika za mwanzo hazipo kabisa.

Pamoja na kiungo, andika kwa maneno: mpigaji, kazi, albamu, mwaka wa kurekodiwa. Viungo hufa, na albamu moja inaweza kuwepo nchi moja na isiwepo nyingine, lakini mwenye maneno atatafuta mwenyewe. Angalia mwaka vizuri, kwa sababu programu nyingi huonesha mwaka wa kutolewa upya: rekodi ya 1959 itaandikwa 1997 na mtu atadhani ni ya kizazi kingine. Toleo lenyewe pia lina maana. Upande wa kwanza wa Kind of Blue ulitolewa kwa miaka mingi ukiwa na kasi kubwa kidogo kuliko ulivyopigwa, kwa kuwa mashine ya kanda iliyotumika kurekodi ilikuwa inakwenda polepole. Waliojaribu kupiga pamoja na santuri walijikuta ala zao ziko chini. Kasi ilirekebishwa kwenye toleo la mwaka 1992. Anayejifunza kupiga atumie hilo au la baadaye.

Ukitengeneza orodha ya kuwasikilizisha watu chumbani, dakika 40 zinatosha, vipande sita au saba. Kwanza zima ule upigaji wa bila mpangilio. Zima na ufifishaji unaounganisha nyimbo, maana unakata mwisho wa simfoni na kula mwanzo wa kinachofuata. Halafu washa upigaji usio na pengo, kwa sababu sehemu nyingine za kazi za klasiki zimeunganishwa na pengo la sekunde moja linazivunja. Usawazishaji wa sauti uwekwe kwa albamu, si kwa wimbo mmoja mmoja, la sivyo sehemu ya polepole itapandishwa hadi ifanane na tarumbeta. Panga kwa uzi, si kwa bara. Kipande kigumu kiwekwe cha tatu au cha nne, masikio yakiwa yamefunguka na hayajachoka. Kabla ya kila kipande sema sentensi mbili, usizidishe, kisha nyamaza hadi kiishe. Anayeeleza juu ya muziki anakuwa redio ya pili.

Ukituma faili badala ya kiungo, ujue hesabu zake. Sauti ya ubora wa CD, biti 16 na kilohezi 44.1, inakula megabaiti 10 hivi kwa dakika. FLAC, aina ya faili inayobana sauti, huipunguza hadi karibu nusu bila kupoteza kitu. MP3 ya kbps 320 ni megabaiti 2.4 kwa dakika, na imetupa baadhi ya sauti ambazo sikio la kawaida halizioni haraka. Kosa linalorudiwa ni kugeuza MP3 kuwa FLAC ukidhani umeiboresha. Umeongeza uzito tu, kilichotupwa hakirudi. Kuigeuza MP3 kuwa MP3 nyingine ni kutupa mara ya pili. Kwenye maelezo ya faili za klasiki jaza mtunzi, kazi na namba yake, sehemu, kiongozi wa okestra, okestra na mpigaji mkuu, kila kimoja mahali pake. Programu ya bure ya MusicBrainz Picard husaidia sana.

Na haki. Hapa watu wengi huteleza kwa kudhani muziki wa kale ni wa bure. Maandishi ya mtunzi na rekodi ya mpigaji ni mali mbili tofauti. Nchi nyingi hulinda utunzi hadi miaka 70 baada ya mtunzi kufa, na Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa haki za watunzi, unataka isipungue 50. Bach yuko huru tangu zamani, lakini rekodi ya Bach iliyotoka mwaka jana ina mwenyewe. Katika Umoja wa Ulaya rekodi hulindwa miaka 70 tangu itolewe. Nota za kazi zilizo huru utazipata kwenye tovuti ya IMSLP. Kiungo cha mahali halali hakina shida, faili iliyopandishwa hadharani inayo. Kwa muziki wa jadi ongeza tahadhari moja: usiandike "wa jadi, mtunzi hajulikani" kabla hujachunguza. "Mbube" ya Solomon Linda, iliyorekodiwa mwaka 1939, ilizunguka dunia kwa majina mengine huku familia yake ikibaki na kidogo mno, hadi makubaliano ya mwaka 2006. Tena zipo jamii zinazotaka nyimbo fulani za ibada au jando zisisikilizwe na kila mtu. Kijitabu cha albamu kikisema hivyo, heshimu, usisambaze.

Vifaa: usinunue kitu bado. Hedifoni za waya zinazofunika sikio lote, za kawaida tu, zitakuonesha besi ya Paul Chambers kwenye Kind of Blue na mapigo ya tabla. Jaribu zako kwa "So What": kama unaweza kuimba mwito wa besi baada ya kusikia mara mbili, zinatosha. Kama unasikia mngurumo tu bila noti, zimeongezewa sauti ya chini. Tafuta kwenye mipangilio ya simu mahali pa kusawazisha sauti, uzime kila kilichoongezwa, ujaribu tena.